Klipu ya kupamba isiingie kwenye nikahi: ninavyopanga video za harusi Lamu

Harusi ya Lamu haina video moja. Kuna ya nikahi, wanaume msikitini na vijana wakimsindikiza bwana harusi vichochoroni, ambayo yeyote anaweza kuitazama. Na kuna ya kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi: wanawake peke yao, buibui zimevuliwa, nywele wazi, ngoma ya vugo mpaka usiku wa manane. Hiyo ya pili hupigwa na mwanamke tu, nayo ndiyo kazi yangu. Mama wa bibi harusi anaponifungulia mlango huwa amenikabidhi stara ya kila aliyemo ndani. Kwa hiyo ninapozungumzia majina ya klipu, kwangu si suala la unadhifu wa kompyuta. Ni amana.

Amana hiyo niliwahi kukaribia kuivunja. Tulikuwa na kamera mbili za aina moja, mimi kwa wanawake, kaka yangu kwa wanaume. Kila kamera ilianza kuhesabu upya kadi ilipofutwa: C0001, C0002, na kuendelea. Basi nikawa na C0047 mbili, moja ya msikitini na moja ya ukumbini. Nilipohamisha mafaili kwenda diski nyingine, programu ya kuhariri ikaniuliza yako wapi. Nikaionyesha folda kuu, ikatafuta kwa jina, ikachukua C0047 ya kwanza iliyoiona. Niliiangalia video ya nikahi mara ya mwisho kabla ya kuipeleka. Kadhi ameshika mkono wa bwana harusi, halafu ghafla sekunde tatu za msichana anacheza, kichwa wazi. Nilifunga laptopu nikakaa kimya muda mrefu.

Tangu siku ile, hakuna klipu inayoingia kwenye programu ikiwa na jina la kamera. Na sizibadilishi kwa mkono, kwa sababu harusi moja inaweza kuwa na klipu mia nne, na mkono uliochoka hukosea.

Kwanza kadi. Usibadilishe jina lolote ndani ya kadi yenyewe, kwani kamera nyingi huweka faili dogo la maelezo pembeni ya kila video, na mpangilio ule ukivurugwa unaweza kupata tabu baadaye. Nakili kadi nzima kama ilivyo kwenye diski ya akiba. Kisha nakili video peke yake kwenye folda ya kazi: folda ya kupamba mbali, ya nikahi mbali. Hapo ndipo pa kubadilisha.

Mimi hutumia ExifTool, programu ya bure inayosoma tarehe na saa iliyoandikwa ndani ya faili na kulipa faili jina kutokana nayo. Amri yangu ya folda ya kupamba ni hii:

exiftool -globalTimeShift -6 "-FileName<CreateDate" -d "%Y-%m-%d_%H%M%S_KE_A%%-c.%%e" kupamba

KE ni wanawake; folda ya wanaume hupata ME. A ni kamera ya kwanza. Ile %%-c huongeza namba klipu mbili zikigongana sekunde moja. Mwaka umetangulia ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Kabla ya kuiendesha, weka TestName mahali pa FileName: itakuonyesha majina mapya bila kugusa chochote. Usiiruke hatua hiyo hata ukiwa na haraka.

Sasa ile -6, maana nimeulizwa sana. Kamera huhesabu siku kuanzia saa sita usiku, lakini kesha haliishi saa sita usiku. Nikipanga kwa tarehe ya kamera, kupamba kumoja kunakatika folda mbili, nusu Ijumaa na nusu Jumamosi. Nikirudisha nyuma saa sita, usiku wote unabaki tarehe moja. Na kuna faida nyingine iliyonifurahisha: saa zinageuka kuwa saa zetu. Daftarini nimeandika "saa nane na dakika ishirini, hina", kamera imeandika 14:20, na baada ya amri jina linasoma 0820. Mchana daftari na jina vinalingana moja kwa moja. Usiku natoa kumi na mbili tu, yaani 14 ni saa mbili usiku.

Lakini angalia simu. Simu nyingi huandika saa ya video kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo klipu za simu huzipa -3. Chukua klipu moja ambayo saa yake unaijua kwa yakini, ujaribu nayo kwanza. Na asubuhi ya harusi oanisha saa za kamera zote. Kamera iliyopotoka dakika kumi itakuvurugia mfuatano wote.

Kwa Maulidi ya Mfungo Sita sitegemei tarehe peke yake, kwa sababu kila mwaka husogea nyuma kiasi cha siku 11. Folda naiita kwa mwaka wa Kiislamu: MAULIDI-1445, MAULIDI-1446, ndivyo watu wanavyoniuliza.

Ndani ya DaVinci Resolve, programu ninayohariria, kazi iliyobaki ni ndogo. Nachagua klipu zote za tukio moja, kwa mfano za hina, naandika "hina" mara moja kwenye nafasi ya Scene, nayo inaingia kwa zote. Kisha nafungua Clip Attributes, sehemu ya jina, naandika alama ya % na programu inanipa orodha ya vitu vya kuunganisha kuwa jina. Jina hilo ni la ndani ya mradi tu, faili kwenye diski halibadiliki. Kinyume chake ni hatari: ukishaanza kuhariri, usiguse jina la faili kwenye diski, maana programu italipoteza na utarudi kwenye lile swali la "iko wapi" lililoniponza.

Kupamba na nikahi ni miradi miwili, kwenye diski mbili. Hata hivyo kabla ya kutoa video ya wanaume nafungua Edit Index, orodha ya kila klipu iliyotumika, natafuta _KE_. Isipotokea hata moja, naitoa.

Mwezi uliopita bibi harusi mmoja wa mtaa wa Langoni alikuja na mamake. Video yake amekwisha kuichukua, sasa alitaka zilizobaki kwangu zifutwe. Nilimvutia kiti karibu na meza, nikachomeka diski ya kazi kisha ya akiba, nikatafuta tarehe yake na _KE_. Zilitokea 212. Kwenye diski ya akiba, ambako majina bado ni ya kamera, nilifuta folda nzima ya kadi. Alihesabu pamoja nami mpaka orodha ikawa tupu, kisha mamake akajifunga buibui wakaondoka.