Kwa wanaoanza kutembeza wageni Kanisa la Mkunazini

Wadogo zangu mliopata beji mwaka huu, karibuni kwenye kazi. Mtapita Forodhani, mtapita sokoni Darajani, na hakuna siku mtakosa kufika Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, hapa Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapo ndipo maneno huponyoka kirahisi, kwa hiyo nitakaa hapo hapo.

Miaka yangu ya mwanzo niliwashusha wageni kwenye vile vyumba vilivyo chini ya jengo la jirani na kanisa, vyenye dari linalokulazimisha kuinama, nikawaambia bila kusita kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Siku moja mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hili jengo la juu lilijengwa mwaka gani?" Sikuwa na jibu. Jioni nikaenda kuuliza wazee na kusoma. Jengo lile ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko la watumwa kufungwa na lilitumika kama hospitali yao. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba vile viliwahi kuweka watumwa. Sasa nawaeleza wageni yote mawili, yanayosimuliwa na yanayotiliwa shaka. Sijawahi kuona mgeni akiondoka amepungukiwa. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa pale. Hilo halihitaji kuongezewa chumvi.

Miaka ishikeni kichwani. Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, na Krismasi ya 1877 ikasaliwa ibada ya kwanza. Lakini msimwache mgeni akadhani utumwa uliisha siku soko lilipofungwa. Mashamba ya karafuu Unguja na Pemba yaliendelea kulimwa na watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1897. Na mkiulizwa nani wa kulaumiwa, msitaje kabila moja mkanyamaza. Walikuwepo wenye mashamba, wakopeshaji wa fedha, wenye misafara, machifu wa bara, na Wafaransa waliotaka watu wa mashamba yao ya miwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi.

Mkiingia ndani, msianze kusema. Waacheni wageni watazame juu kwanza. Dari lile ni la mviringo, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na limejengwa kwa vipande vya matumbawe na saruji. Askofu Edward Steere ndiye aliyelishikilia wazo hilo, na wengi waliamini lingeanguka. Kuta nazo ni za matumbawe, jiwe lile lile la nyumba zetu za Mji Mkongwe, na ndani yake utaona umbo la makanisa ya Uingereza likichanganyika na mkono wa mafundi wa Kiislamu. Kisha wapelekeni upande wa kisima cha ubatizo na waambieni wazitazame nguzo fupi zile kwa makini. Atakuwepo mmoja atakayesema, "Mbona kama zimegeuzwa?" Hapo ndipo mnasimulia kwamba zilisimamishwa kichwa chini miguu juu, na kwamba inasemekana mafundi walifanya hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mkiwahi kusema kabla mgeni hajaona, mmemnyang'anya tonge mdomoni.

Steere mwenyewe mpeni muda, hasa mkiwa na wanafunzi wa hapa kwetu. Kiswahili hiki tunachoandika kinamdai shukrani: alikisoma Unguja, akaandika kitabu cha sarufi yake, akatafsiri Maandiko. Alifariki mwaka 1882, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Msalaba wa mbao mtakaouonyesha humo ndani unasemwa umechongwa kutoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulizikwa chini yake. Wakiuliza habari za Livingstone, watajeni pia watumishi wake Chuma na Susi, walioongoza safari ya kuubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Nje kuna shimo lenye sanamu za msanii Clara Sörnäs, watu watano wenye minyororo shingoni. Kabla ya kufika pale waambieni wageni wasipige picha za kucheka. Semeni mapema na kwa heshima, kwa sababu ukimkanya mtu mbele ya wenzake umemwaibisha.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni. Tumepokea kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Niliwahi kumpeleka bibi mmoja aliyetoka Liuli, Ziwa Nyasa, ambako watu wengi waliswagwa kuja pwani. Kabla ya kulikaribia duara alivua kandambili zake, akazishika mkononi. Akaniuliza, "Ni hapa?" Nikamjibu, "Ndivyo tulivyopokea, bibi." Akainama, akaweka kiganja sakafuni. Wageni wengine walikuwa wananingoja mlangoni. Niliwaashiria wasubiri, nikasimama naye mpaka alipoinuka mwenyewe.