Vikombe vya Durant vinahesabika
Ndugu, unauliza umjibu vipi rafiki yako anayesema vikombe vya Kevin Durant vya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, vya 2017 na 2018 havihesabiki kwa kuwa alihamia Golden State Warriors. Mkubalie hili kwanza: mwaka 2016 Oklahoma City, timu yake ya wakati huo, waliongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya Warriors haohao, wakapinduliwa, naye akawafuata waliomtoa. Inauma, mashabiki wa Oklahoma wana haki kukasirika. Lakini mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa huru kuchagua.

Kisha mwonyeshe mechi ya tatu ya fainali za 2017. Warriors wako nyuma kwa pointi 2, dakika haijabaki hata moja, Durant anadaka mpira uliokoswa, anaupandisha mwenyewe na kutupia pointi 3 mbele ya LeBron James, nyota wa wapinzani wao Cleveland. Aliyebebwa hafanyi hivyo. Fainali zote mbili alitangazwa mchezaji bora.