Mwanangu ana reti ya 149.9 na bado yuko benchi, kocha anambania?

SWALI: Habari mtaalamu. Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Houston. Kijana wetu anacheza mpira wa Kimarekani, ni kwotabeki (yule anayerusha pasi), mwaka wa pili chuoni. Msimu huu karusha pasi 40 tu, 26 zikashikwa, yadi 310, tachidauni, yaani mabao, 3 (moja ya yadi 75, skrini, pasi fupi tu, ilivuma sana kwenye grupu la familia), intasepsheni, yaani pasi iliyodakwa na adui, 1. Reti yake, ile namba ya kupima pasi, ni 149.9. Anayeanza ana 139 kwa pasi 300 na bado anapangwa yeye. Kuna bwana mmoja mshauri wa wachezaji anasema mwisho wa reti ni 158.3 kwa hiyo kijana anakaribia ukamilifu, tena yuko asilimia 50 juu ya wastani, aingie potali (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo) sasa hivi, na yeye atatuandalia ripoti ya gredi, yaani alama za uchezaji, kwa ada. Tufanyeje?

JAWABU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na huyo bwana, maana kila msimu ukiisha naletewa meseji za aina hii na kila mara kuna "mshauri" nyuma yake. 158.3 ni mwisho wa reti ya NFL, ligi ya kulipwa. Ya vyuo ni fomula nyingine kabisa na haiishii hapo, Joe Burrow, kwotabeki wa chuo cha LSU, alimaliza msimu wa 2019 na 202. Na hiyo asilimia 50 juu ya wastani ndo kichekesho zaidi, 100 ilikuwa wastani wa vyuo wa mwaka 1965 hadi 1978, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walipoanza kutumia fomula hii 1979 wakaipanga hivyo. Leo kwotabeki mwenye 100 kocha anamtafutia mbadala. Mtu asiyejua reti ipi ni ya ligi ipi anataka hela yenu ya nini?

Lakini hata hilo silo linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni watu kudhani hiyo namba inampima kijana. Haimpimi. Fomula yenyewe ni hivi: yadi mara 8.4, ongeza 330 kwa kila tachidauni, 100 kwa kila pasi iliyoshikwa, toa 200 kwa kila intasepsheni, gawanya kwa pasi zote zilizorushwa, basi. Hakuna mahali inapouliza nani alifanya nini.

Chukua hiyo skrini yenu. Mpira umetupwa hatua chache tu, resiva (mdaka pasi) kaudaka nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, laini, wale wazuiaji wa mbele, imemsafishia njia, kakimbia mwenyewe mpaka mwisho, na kwotabeki anaandikiwa 1,060. Sasa mwenzake arushe yadi 40 hewani katikati ya mabeki wawili, resiva aangushwe yadi moja kabla ya tachidauni halafu mkimbiaji aumalizie, anaandikiwa 436. Pasi nzuri ikimgonga resiva mikononi ikarukia kwa adui ni hasara ya 200 kwa kijana, pasi ya hovyo ambayo beki kaidondosha inahesabiwa kama pasi tu iliyokosa. Ni sawa na kumpima kipa kwa klinishiti bila kuuliza mabeki wake walikuwa nani.

Na seki je, yaani kwotabeki kuangushwa na mpira kabla hajaurusha? Kwenye vyuo yadi za seki zinakatwa kwenye kukimbia, sio kwenye pasi. Kwa hiyo kijana anayeng'ang'ania mpira mpaka anaangushwa reti yake haiguswi hata kidogo, ila kocha anaona, na wale jamaa wa laini wanaona zaidi.

Halafu hizo pasi 40 mzee, tuseme ukweli. Ile skrini moja ingemdondoka resiva, 149.9 inakuwa 123. Mpira mmoja! Kwa yule wa pasi 300 tukio hilohilo lingemshusha kama pointi 3 na nusu tu. Na sijui hizo 40 zilirushwa saa ngapi, kama ni robo ya nne timu inaongoza kwa mbali na adui ameshaingiza akiba, hapo ndo kabisa.

Utaambiwa kuna vipimo vya kisasa. Vipo na ni bora, sikatai. QBR, kipimo cha makwotabeki cha kituo cha michezo cha ESPN, inaenda 0 hadi 100, inagawana sifa na wenzake uwanjani, inapunguza uzito wa mechi iliyokwisha kuamuliwa na kwa vyuo inaangalia ugumu wa mpinzani. PFF, kampuni ya takwimu, wana watu wanatazama video na kutoa alama kwa kila tukio la mechi, kutoka -2 hadi +2. Lakini anayetoa alama hakuwa kwenye kikao cha kocha, hajui kwa uhakika resiva aliagizwa akate kulia au anyooshe, anakisia, kisha kisio linatoka na desimali na watu wanaliamini kama cheti cha hospitali. Kwotabeki Josh Allen mwaka 2017 pale chuo cha Wyoming alikuwa anakamilisha asilimia 56.3 tu ya pasi, kwa namba mtu angempita, Buffalo wa NFL wakamchukua wa 7 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka uliofuata na akaja kuwa MVP, mchezaji bora wa ligi, wa msimu wa 2024. Na usigeuze hilo kuwa dawa pia, wako wengi wa asilimia 56 ambao ni wabovu kweli.

Sasa hawa wauza ripoti. Wanachukua namba za bure zilizoko mtandaoni, wanaweka rangi na picha ya mtoto, wanawauzia wazazi ambao hawakukulia kwenye mchezo huu, na wahamiaji ndo wanalengwa sana kwa sababu tunaona aibu kuuliza. Kocha anayetafuta kwotabeki ana watu wa kumtafutia video, hasomi PDF ya mtu. Na jina likishaingia potali chuo alichopo hakilazimiki kumtunzia nafasi, na wengi wanaingia humo hawapati timu.

Ada msilipe. Kijana aombe kikao na kocha wa makwotabeki, watazame pasi zote 40 pamoja na kila seki, aulize hasa kuhusu dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira), je anasoma difensi kabla ya mpira kuanza, je anafika kwenye chaguo la pili au anakimbia likifungwa la kwanza. Wewe mzee usiende, makocha hawapendi.