Siku mbili Amritsar ukiwa na mama mzee

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha Amritsar, India, ukiwa na mama yako mzee. Zinatosha, ila usizigawe sawasawa. Hekalu la Dhahabu, hekalu kuu la Masingasinga, lipe muda mwingi: nendeni alfajiri kabla marumaru hazijashika joto, mrudi usiku taa zikiwaka juu ya maji. Viatu huachwa nje, miguu huoshwa, kichwa hufunikwa, mwanamume kwa mwanamke. Sigara usiwe nayo kabisa. Chakula cha langar, yaani jiko la hekalu, ni bure kwa yeyote. Mnakaa chini kwa safu, chapati mnapokea kwa mikono miwili. Kama umewahi kusimama kwa Masingasinga wa Makindu, njia ya Mombasa, utaratibu unaujua.

Jallianwala Bagh, bustani ambamo jeshi la Waingereza liliwapiga risasi watu waliokusanyika, ni hapo jirani. Matundu ya risasi za 13 Aprili 1919 bado yako ukutani.

Sherehe ya kushusha bendera mpakani Attari, kati ya India na Pakistan, kama kilomita 30, ni kelele na msongamano. Mimi ningemwepusha mama. Mpeleke mji wa Tarn Taran, kwenye bwawa kubwa la hekalu. Mji wa Goindwal nenda peke yako: kisima cha hekalu lake huteremkwa kwa ngazi 84.