Mtoa figo apimwe mapema, kabla janga halijafunga njia

Kama una mgonjwa wa figo nyumbani, msikae kusubiri hali itulie ndipo mtafute mtoa figo. Nasema hivi kwa yale niliyoyaona hapa Dodoma wakati wa UVIKO-19, nikimsindikiza mdogo wangu kusafisha damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi hiyo.

Miaka ya nyuma wagonjwa wetu walipelekwa India kupandikizwa figo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma mwaka 2018, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Japani. Kwa hiyo India ilipozuia ndege za abiria za kimataifa Machi 2020, angalau mlango wa nyumbani ulikuwepo.

Lakini mlango huo hauko sawa kwa wote. Kwetu figo hutolewa na ndugu aliye hai. Mgonjwa huja na mtu wake. Basi haki inategemea nani ana ndugu aliyekwisha kupimwa, na nani ana nauli. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Mama mmoja wa Kondoa alikuwa amepanga chumba mjini ili asikose zamu. Mwanawe aliyekubali kumtolea figo alikuwa Mwanza, na corona ilipoingia akaogopa kupanda basi. Hakuna aliyemnyima huyu mama chochote, ila faili lake lilibaki na kurasa tupu pale palipotakiwa majibu ya mtoto. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kwa hiyo anzeni na kundi la damu, kwenye hospitali iliyo karibu na kila ndugu, na wapimwe ndugu zaidi ya mmoja. Mtoa figo apewe nafasi ya kuongea na daktari peke yake, baba na wajomba wakiwa nje. Wakati wa janga ndugu wanaofikika ni wachache, na mzigo wote humwangukia aliye karibu, mara nyingi binti ambaye hajaolewa. Akisema hapana, aachwe.

Chanjo muulizie kabla ya upasuaji, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hupunguza nguvu ya chanjo. Dawa zenyewe ni za maisha. Muwe na akiba ya dawa hizo. Gharama zikiwashinda, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Na anayewapigia simu kwamba ana figo ya kuuza, kateni simu.