Chaji ya simu unaporusha droni: jinsi ya kuifuatilia, na nini kinatokea simu ikizima

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, programu ya droni inajaza skrini nzima mpaka asilimia ya betri ya simu haionekani, sasa utajuaje chaji inaisha? La pili, simu ikizima droni ikiwa juu, itaanguka? Naanza na la pili, maana hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wababaike na kuharibu chombo ambacho kingerudi salama.

Droni yenye rimoti yake haianguki kwa sababu simu imezima. Mawasiliano ya kurushia ni kati ya rimoti na droni. Simu iliyochomekwa pale ni dashibodi: inakuonyesha picha, ramani, kimo, umbali na maonyo. Ikizima, vijiti vinaendelea kufanya kazi, kitufe cha kurudi nyumbani kinafanya kazi, na hata kitufe cha kurekodi kinafanya kazi. Video yako kamili inaandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya droni, kwa hiyo haipotei. Kinachobaki kwenye simu ni nakala ya ubora mdogo tu.

Ila hapa kuna kosa moja ambalo ni la kawaida sana. Watu wanadhani simu ikizima, droni itahesabu kuwa mawasiliano yamekatika na itarudi yenyewe. Hapana. Kwa droni hakuna kilichokatika, rimoti bado inaongea nayo. Ukiachia vijiti itatulia palepale angani ikisubiri amri, huku betri yake ikishuka. Itaanza kurudi yenyewe pale tu betri yake itakaposhuka hadi kiwango cha kuirudisha nyumbani. Kwenye droni nyingi za kampuni ya DJI, onyo la kurudi huko hutokea kwenye skrini likihesabu sekunde 10, na wewe skrini huna. Mbaya zaidi, ikishaanza kurudi halafu wewe kwa wasiwasi ukabonyeza kitufe kilekile cha kurudi nyumbani, unakuwa umeifuta safari ya kurudi.

Droni inayorushwa kwa simu peke yake kupitia Wi-Fi ni habari nyingine kabisa. Pale simu ndiyo rimoti, na ikizima mawasiliano yamekatika kweli. Yenye GPS na mahali pa kurudi palipohifadhiwa itajaribu kurudi. Ndogo isiyo na GPS, kama Tello, haina pa kurudi, inatua hapohapo ilipo. Juu ya maji au barabara, hapohapo ndiyo hasara. Kama unarusha za aina hiyo, chaji ya simu ipe uzito uleule wa betri ya droni.

Sasa tuje kwenye kufuatilia chaji. Kabla ya mbinu yoyote, pima simu yako wewe, usiazime namba za mtu mwingine. Simu inakula chaji sana kwenye kazi hii kwa sababu mwanga wa skrini uko juu kabisa ili uone juani, chipu inafumbua video bila kupumzika, na GPS na data vinahudumia ramani. Kila simu ina matumizi yake. Zima kwanza kuchajiwa na rimoti (swichi yake naitaja chini), andika asilimia propela zinapoanza kuzunguka, rusha betri moja ya droni mpaka utue, andika tena. Tuseme ilikuwa 82 ikawa 68 kwa dakika 25. Umetumia 14, yaani nusu asilimia na ushee kwa dakika. Betri tatu za droni zitakula 42. Ongeza akiba ya 20 isiyoguswa, unapata 62. Ukiwa chini ya hapo, usianze kazi ya betri tatu. Na ukitua kubadilisha betri, funga skrini ya simu, maana programu ikibaki wazi inaendelea kula kana kwamba bado uko hewani.

Hiyo akiba ya 20 naisisitiza. Asilimia unayoiona ni makadirio ya simu. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa wa ndani, na simu ikivuta umeme mwingi kwa mkupuo volteji inaporomoka na simu inajizima huku ikiwa imeandika 15, hata 25. Baridi inafanya vivyo hivyo hata kwa betri nzima. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya betri uangalie afya yake; ikiwa chini ya asilimia 80, mimi ningepandisha akiba hadi 35, au ningeitafutia betri mpya kabla ya kuipeleka uwanjani tena.

Kuiona asilimia ukiwa hewani ni rahisi, ila chagua wakati. Kwenye Android telezesha kidole kutoka ukingo wa juu kuelekea ndani. Mstari wa betri na saa utajitokeza kwa sekunde chache halafu utajificha tena. Kumbuka simu imelala kwenye rimoti, kwa hiyo ukingo wa juu ni ule mrefu ulio juu ya picha. Kwenye iPhone isiyo na kitufe cha chini, vuta kutoka pembe ya juu kulia. Mara nyingi mvuto wa kwanza unaleta alama ndogo tu, wa pili ndio unafungua paneli yenye asilimia. Paneli hiyo inafunika picha. Kwa hiyo achia vijiti kwanza, droni itulie, ndipo uvute, usome, ufunge. Usifanye hivyo droni ikiwa inakwenda mbele kuelekea mti au nyaya.

Lakini kuvuta paneli kila baada ya dakika tano ni kitu utakisahau siku picha ikiwa nzuri. Bora simu ikuambie yenyewe kwa sauti. Kwenye iPhone fungua programu ya Shortcuts, nenda sehemu ya otomatiki, tengeneza mpya, chagua kiwango cha betri kama kichocheo, weka kishuke chini ya asilimia 50, kisha iamuru isome maneno utakayoandika, kwa mfano "simu hamsini". Hakikisha umeiweka ijiendeshe bila kukuuliza, la sivyo italeta arifa ya kubonyeza na hutaiona. Rudia kwa 35 na 25. Kwenye Android kazi hiyohiyo inafanywa na programu ya MacroDroid au Tasker: kichocheo ni kiwango cha betri, tendo ni kusoma maandishi. Sauti ya midia iwe juu, na ujaribu nyumbani kwanza. Njia ya kujaribu ni kuweka namba iliyo chini kidogo ya chaji uliyonayo muda huo, halafu kusubiri ishuke.

Kuna pia programu za Android zinazochora mstari mwembamba wa betri ukingoni mwa skrini juu ya programu nyingine zote. Zinahitaji ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Ni nzuri, lakini juani mstari mwembamba hauonekani vizuri, na mimi bado naiamini zaidi sauti.

Usingoje onyo la simu lenyewe la asilimia 20. Linakuja limechelewa, linaweza kukuziba picha, na linakushawishi uwashe hali ya kuokoa betri. Usiiwashe ukiwa hewani. Inapunguza nguvu ya simu, na kazi ya kufumbua video inahitaji nguvu hiyo. Picha inaanza kukwama na wewe unadhani ni mawimbi ya droni yamedhoofika.

Kuhusu rimoti kuchaji simu. Rimoti ya RC-N1 ya DJI, ile inayoshika simu kwa juu, ina betri ya 5200 mAh. DJI wenyewe wanaandika inakaa saa 6 bila kuchaji simu na saa 4 ikiwa inachaji. Piga hesabu: betri hiyo ni kama saa-wati 19. Kwa saa 6 ni wati 3 na ushee, kwa saa 4 ni karibu wati 4.7. Tofauti, ambayo ndiyo inayokwenda kwenye simu, ni wati moja na nusu hivi kwa wastani. Simu ya mfano wetu, kama betri yake ni ya 4000 mAh, inakula kama wati 5. Kwa hiyo rimoti inapunguza kasi ya kushuka tu, haijazi. Ukiingia uwanjani na asilimia 30 ukitegemea rimoti ikuokoe, unajidanganya.

Na rimoti yenyewe isiishe kwa ajili ya simu. Rimoti ikizima, hapo ndipo mawasiliano na droni yanakatika kweli. Kwenye DJI Fly, programu ya kurushia ya DJI, swichi ya kuchaji simu iko kwenye mipangilio, sehemu ya udhibiti. Simu ikiwa imejaa na kazi ni fupi, izime. Simu ikiwa nusu na rimoti imejaa, iwashe, kisha hakikisha kwa macho kwamba alama ya umeme imetokea kwenye betri ya simu. Waya mbovu unaweza kupitisha data vizuri huku umeme ukikatikakatika, kwa hiyo usiridhike kwa kuwa picha imekuja. Pawabenki huwezi kuichomeka kwenye simu, kwa sababu tundu tayari lina waya wa rimoti. Itumie kujaza simu wakati umetua.

Joto nalo ni adui. Apple wanataja nyuzi 0 hadi 35 kama joto la mazingira la kutumia iPhone, na simu nyeusi iliyolala juani inapata joto la kutosha kuvuka kiwango chake hata kama hewa ina 30. Dalili ya kwanza ni skrini kufifia yenyewe ingawa umeweka mwanga wa juu. Dalili ya pili ni kuchaji kusimama. Kinachofuata ni picha kukwama, na mwisho simu inajifungia mpaka ipoe, na hiyo kwa urushaji ni sawa na kuzima, hata kama ina asilimia 70. Vua kava la simu kabla ya kuichomeka. Simama kivulini, au geuka ili mwili wako uitie simu kivuli. Kuchaji kunaongeza joto, kwa hiyo kwenye jua kali swichi ile ya kuchaji izime mapema. Usiitie simu maji wala usiiweke kwenye barafu kuipoza, unyevu utajikusanya ndani yake.

Hali ya ndege inasaidia, hasa mahali mtandao ni dhaifu, ambapo simu inahangaika kutafuta mnara na kula chaji. Inazuia pia simu za watu kuingia katikati ya kazi. Pakua ramani ya eneo kabla, na kama droni yako ni ya Wi-Fi, iwashe Wi-Fi tena baada ya kuingia hali hiyo.

Tufike pale ambapo imezima tayari. Usizime rimoti. Achia vijiti, droni itulie. Angalia swichi ya mwendo iko kwenye hali ya kawaida, siyo ya kasi, kwa kuwa kwenye hali ya kasi vihisi vya kukwepa vikwazo havifanyi kazi. Kama unaiona, sukuma kidogo sana kijiti cha kwenda mbele uone inaelekea wapi. Ikikaribia, pua yake iko kwako. Ikienda mbali, izungushe mpaka iwe inakuja. Kama huioni, bonyeza na ushikilie kitufe cha kurudi nyumbani mpaka rimoti ilie, kisha ondoa kidole na usikiguse tena. Ikiwa chini ya kimo cha kurudi nyumbani ulichoweka kabla ya kuruka, itapanda kwanza hadi hapo, na ndiyo sababu kimo hicho kinapaswa kuzidi kitu kirefu kuliko vyote katika eneo hilo. Sauti yake utaisikia kabla hujaiona.

Usipoteze dakika kujaribu kuwasha simu iliyoishiwa. Simu iliyofika sifuri inahitaji dakika kadhaa kwenye chaji kabla ya kuwaka. Kama unayo simu ya pili, chomeka hiyo. Uoanishaji ni wa rimoti na droni, simu haihusiki, kwa hiyo picha itarudi bila kuoanisha upya, ilimradi programu imeshapakuliwa, umeshaingia kwenye akaunti, na waya unafaa tundu lake. Hayo yafanye nyumbani. Unapobadilisha simu kwenye RC-N1, usikisukume kishikio kikarudi ndani, kwa sababu antena zimo humohumo kwenye kishikio. Kiache kimevutwa, elekeza upande wa droni, na utelezeshe simu mpya taratibu.

Wakati wa kutua bila skrini, shusha kijiti cha kimo polepole, na ikigusa ardhi kishikilie chini kabisa mpaka propela zisimame. Zima droni kwanza. Rimoti ni ya mwisho.