Kirusi kimefutwa, ujumbe umebaki

SWALI: Antivirusi imefuta kirusi kwenye kompyuta yangu ya Windows 10, lakini kila nikiiwasha kinatokea kidirisha cha Windows Script Host kikidai kuwa faili la .vbs halipatikani. Flashi nayo inaonekana tupu ingawa nafasi imejaa. Kirusi bado kipo?

JIBU: Faili la kirusi limeondoka, ila amri ya kuliita imebaki kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Soma jina la faili kwenye kidirisha, uliandike. Bonyeza Windows+R, andika regedit, kisha fungua HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Futa mstari wenye jina hilo tu. Usipouona, angalia njia hiyohiyo ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE.

Kama haupo kote, fungua Winlogon, iliyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion, utazame mstari wa Userinit. Hapa tafadhali kuwa mwangalifu sana: pabaki C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na alama yake ya mkato (,) ya mwisho. Ondoa kilichoongezwa baada yake. Ukifuta yote, kompyuta itakuingiza na kukutoa papo hapo.

Mafaili ya flashi kwa kawaida hayajapotea, kirusi kimeyaficha tu. Kama herufi ya flashi ni E, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) uandike:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Subiri mstari wa amri urudi. Shortcut (njia za mkato) zilizobaki kwenye flashi zifute bila kuzifungua, maana kubofya moja kunaweza kukirudisha kirusi.